Dakika Tatu

Jumamosi ya pili ya mwezi, theluji haijazolewa,
wanaingia duka la kufulia, upande wa magharibi wa Dayton,
wanawake saba, makoti rangi ya damu ya mzee,
kifuani herufi tatu za Kigiriki
na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika Ugiriki.
Wanaitana dada.

Nilicheka kimoyomoyo.
Kwetu dada ni yeyote: muuza vocha,
karani anayekunyima fomu,
msichana uliyemkanyaga kwenye foleni.
Hawa wameliapia neno, wamelilipia ada,
wamelishonea kofia.
Nikasema, chama cha picha hiki. Watapita.

Hawakupita.
Bi Ernestine Gaddis, miaka thelathini na mmoja posta,
alikunjua meza kati ya mashine ya nane na ya tisa,
akalaza kipimo cha presha juu ya taulo,
akashika kila mkono kama anayesoma anwani.
"Leta mkono, mpenzi. Nguo hazikimbii."
Mimi nikawa ulimi wao,
kwa malipo ya kahawa na sarafu za kikausha.

Nabintu alikuja na mashuka ya watoto wawili,
wa tatu tumboni, miezi minane.
Kichwa, alisema, kinagonga kama mtu aliyefungiwa nje.
Hospitalini walikwishamwambia mara mbili:
ni uchovu, mama, kunywa maji.
Mpira ukajaa, ukapumua.
Mia moja sabini na mbili kwa mia moja na kumi na nne.
Bi Ernestine hakupaza sauti. Alivua miwani.
"Mwambie mashuka tutayakunja sisi."

Mapokezi alikaa naye saa tano,
daftari pajani, akimuuliza kila aliyesema subiri:
"Jina lako linaandikwaje, mwanangu?"
Herufi kwa herufi.
Sijapata kuona adabu yenye meno kiasi kile.
Kufikia jina la sita, kitanda kikapatikana.

Mtoto alitoka na kilo mbili kasorobo.
Hasira, kilo kumi.

Machi, baraza la jiji. Wodi ya wazazi ya upande wetu
imefungwa mwaka wa nne huu; ya karibu ni mabasi mawili.
Kila msemaji dakika tatu, saa nyekundu ukutani.
Nabintu akasimama. Alisema kwa Kiswahili,
nami nikamfuata nyuma na Kiingereza changu cha kazini,
na dakika zikaliwa na sisi wawili,
yeye nusu, mimi nusu,
kengele ikalia yeye bado yuko mlangoni mwa hospitali,
hajafika hata kwenye kiti.

Mwenyekiti akasema asante.

Kisha viti vikakwaruza.
"Odessa Pruitt. Dakika zangu nampa dada yangu."
Akaketi.
"Lavinia Tubbs. Na zangu."
Saba wakainuka, mmoja mmoja, makoti yale yale.
Nilipomgeukia Nabintu nimtafsirie,
ulimi ulikwama kwenye neno jepesi kuliko yote.
Ishirini na moja, nilihesabu,
na mtu husema mengi katika dakika ishirini na moja
asipoharakishwa.

Wodi haijafunguliwa. Walisema suala litaangaliwa;
nalijua hilo "litaangaliwa",
hata likivaa Kiingereza halinipotei.

Jumamosi ya pili meza ikakunjuliwa tena.
Safari hii Bi Ernestine alinyoosha mkono wake mwenyewe,
na Nabintu, mtoto mgongoni,
akaubana mpira kama alivyofundishwa,
akaachia pole pole, midomo ikihesabu.
"Ngapi?" nikauliza.
Akanikunjia uso, ninyamaze kwanza,
anasoma.